Mvua Haisubiri Barua

Kila unapokaribia mwezi wa Machi, wakulima wa mpunga katika mabonde ya Unguja na Pemba huwa na swali moja midomoni mwao, nalo ni hili: trekta litashuka lini? Afisa mwenye mafaili mengi mezani aweza kulichukulia swali hilo kuwa ni manung'uniko ya kila mwaka. Kwa maoni yetu, ndani ya swali hilo ndimo ulimo uhakika wa chakula wa visiwa hivi. Bonde lisilochimbwa na kuburugwa kabla masika hayajakolea hujaa maji, na likishajaa maji trekta halishuki tena. Mkulima, ambaye mara nyingi ni mama mwenye watoto wa kulisha, hurudi kwenye jembe la mkono, akalima robo ya alichokusudia, kisha akapalilia na kuamia ndege kwa mavuno ambayo yeye mwenyewe ajua tangu mwanzo kwamba hayatafika mwisho wa mwaka.

Visiwa vyetu vimezoea kula mchele wa ng'ambo tangu enzi za karafuu. Karafuu ilikwenda, mchele ukaja, na mpango huo ulikuwa na raha yake siku zote ambazo meli zilifika. Mwaka 1942, majeshi ya Japani yalipoiteka Burma, mchele wa huko ukakatika. Chakula kikagawiwa kwa kipimo, na serikali ya kikoloni ikaanza kuwahimiza watu walime vyakula. Vita vikaisha, meli zikarudi, na mahimizo yakalala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ilipunguza sana uagizaji wa vyakula kwa nia ya kuvifanya visiwa vijitegemee, na wazee wetu wanazikumbuka foleni za siku zile pamoja na muhogo uliowavusha. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na hima ya kulima ikapungua kwa mara nyingine. Kisha mwaka 2008 bei ya mchele katika soko la dunia ikapanda ghafla, baada ya nchi zinazouza, India ikiwa miongoni mwao, kuzuia mchele wao usitoke. Tarehe 20 Julai, 2023 India hiyo hiyo ilizuia tena mchele wake mweupe usio wa basmati, na haikuufungulia hadi Septemba 2024. Hatuilaumu. Mwenye ghala hulisha kwanza walio nyumbani kwake. Lakini mnunuzi wa mchele wa mapembe katika duka la kijijini hana kura huko New Delhi, na bei ikipanda huko yeye hulipa hapa.

Mtu akiyapanga matukio hayo kwa mfuatano ataona kwamba kila dhiki ilizaa kampeni, na kila shibe iliizika. Ili kuikata tabia hiyo, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 5 ya mwaka 2011 kuhusu uhakika wa chakula na lishe. Sheria hiyo inatambua kwamba kila mtu anayo haki ya kupata chakula cha kutosha. Imeweka Baraza la Taifa la kuziunganisha wizara, na ikashuka hadi chini kabisa kwa kuweka kamati katika kila shehia. Si nchi nyingi zilizothubutu kuiandika haki hiyo katika sheria, na Zanzibar yastahili sifa kwa jambo hilo. (Twapenda pia neno walilolichagua. Wengi husema "usalama wa chakula", na msikilizaji akadhani kinachozungumzwa ni chakula kisicho na sumu. "Uhakika" lasema wazi kwamba mtu alale akijua kesho atakula.)

Basi sheria ipo, na kamati zipo. Kinachokosekana ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Vuli huanza Oktoba, na masika huanza Machi. Fedha za mafuta na vipuri vya matrekta zikitolewa Februari, huwa bado ziko ndani ya mwaka wake kihesabu, na hakuna mkaguzi atakayeona kosa. Lakini bondeni zimekwisha chelewa, kwani trekta bovu halitengenezwi kwa siku moja. Hali ni hiyo hiyo kwa mbegu na mbolea. Kwa miaka mingi Serikali imechangia gharama za kuchimba na kuburuga, mbegu, mbolea na dawa ya magugu, na mchango huo ni mkubwa kwa hazina ndogo kama yetu. Mbolea inayofika mpunga ukiwa umekwisha kuchanua ni mchango uliotolewa, ukaandikwa, na usimfae mtu.

Yako pia mambo ambayo Wizara ya Kilimo haiwezi kuyamaliza peke yake hata ikikesha. Mabonde ya Cheju, Kilombero, Chaani, Kinyasini na Kibokwa kwa Unguja (na hii ni Kilombero yetu, si ile ya Morogoro), pamoja na Mlemele na Makwararani kwa Pemba, yaliingizwa katika mradi mkubwa wa umwagiliaji kwa mkopo wa Korea Kusini. Bonde lenye mfereji laweza kutoa mavuno mawili kwa mwaka pasipo kuitegemea mvua. Hata hivyo, maji ya kisima hupandishwa na pampu, pampu huendeshwa na umeme, na umeme una ankara yake. Ni nani atakayeilipa, na lini? Likiachwa swali hilo likazunguka baina ya ofisi mbili kwa barua, mpunga utanyauka huku barua zikijibiwa kwa adabu zote.

Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde kadhaa yaliyokuwa yakilimwa mpunga. Kuyazuia kunataka matuta, kunataka mikoko isikatwe, kunataka na wahandisi. Yaani idara tatu au nne zikae juu ya jamvi moja. Na mahali pengine panapoota nyumba juu ya ardhi ya mpunga, anayegawa viwanja na anayehesabu tani za chakula ni watumishi wa Serikali ile ile, ingawa pengine hawajapata kuonana.

Pendekezo letu si la gharama. Kamati za shehia zikutane kabla ya mwisho wa Novemba, wala zisikutane kusikiliza hotuba, bali kuandika: bonde gani, eka ngapi, wakulima wangapi, njia ya kupitia trekta ni nzima au imekatika. Bwana shamba na bibi shamba waipeleke orodha hiyo wilayani, na wilaya ijibu kwa tarehe. Tarehe hizo zibandikwe katika ofisi ya sheha na zisomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, ili mkulima aliyekwisha lipa aijue siku yake kama abiria aijuavyo siku ya meli. Tarehe ikishindikana, aambiwe mapema ili atafute vibarua.

Nayo Wizara inayoshika fedha iombwe jambo moja tu: fungu la maandalizi ya masika litolewe kabla ya mwezi wa Disemba kwisha, hata kama itabidi mafungu mengine yasubiri. Samani za ofisi zinaweza kununuliwa mwezi wowote wa mwaka.

Wako watakaosema kwamba visiwa vidogo, vyenye watu wengi na uwanda mpana wa mawe upande wa mashariki, haviwezi kujilisha mchele wote vinaoula. Huenda wakawa na haki. Muhogo, ndizi, majimbi na viazi vitaendelea kubeba sehemu ya mzigo, na mchele wa Mbeya utaendelea kuvuka bahari. Swali lililo mbele ya maafisa wetu ni dogo kuliko hilo, nalo lina jibu: ile mbegu iliyokwisha nunuliwa kwa fedha za umma, itakuwa mikononi mwa mkulima ifikapo tarehe 15 Februari, au itakuwa bado ghalani ikingoja saini?