Karatasi ya Kusomewa Mgeni

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa sita nyembamba, na katika hizo ndimo mtu atakaye kuwafahamisha wageni wa mitaa ya Musoma haki zao hulazimika kuyapenyeza mambo ambayo wanasheria huyaandikia majuzuu. Na wageni hao aghalabu si watu wa mbali. Kwani Mkoa wa Mara, ulimo mji huo, umepakana na Kenya, Wajaluo na Wakuria wako huku na huko, na mtu aweza kuoa, kuvua na kuzika jamaa zake pande zote mbili pasipo kuufikiria mpaka, hata siku atakapoulizwa kitambulisho.

Jambo la awali la kupambanua katika kipeperushi hicho ni maneno mawili, mtu na raia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 15, humpa kila mtu haki ya kuwa huru. Ibara ya 17, inayohusu kwenda na kuishi popote nchini, humtaja raia tu. Mwandishi akiyachanganya hayo kwa huruma, atakuwa amempeleka msomaji wake mahabusu, naye msomaji ameishika karatasi mkononi kama hirizi. Kwa hiyo rasimu yafaa ipite kwanza kwa msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imemtambua, ndipo iende matbaa.

Uraia wenyewe uliwahi kuzusha mjadala mkali: Oktoba 1961, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwapinga bungeni waliotaka rangi ya mtu iwe kipimo cha uraia, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kwa ajili hiyo.

Fauka ya hayo, karatasi huku kwetu ni kitu cha kusikilizwa. Mpango wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, ulioanza 1968, uliihusisha Mara pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi (Kagera ya leo). Na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 watu walikusanyika vikundi vikundi kuisikiliza redio, kijitabu kikiwa karibu. Basi kipeperushi nacho kijaribiwe kwa sauti, mwaloni au chini ya mwembe, na msomaji anapotweta sentensi ikatwe. (Mimi mwenye sentensi hizi nisiajiriwe.) Kwa wavuvi, upande mmoja uwe Kiswahili, wa pili Kijaluo.

Picha ziwe za mistari, si za kamera, maana karatasi ikishadurufiwa mara tatu katika duka la steshenari karibu na stendi ya Bunda, uso wa mtu hugeuka doa jeusi. Tena uso wa mgeni asiye na kibali haufai kutembezwa mitaani. Chini ya ukurasa wa sita huachwa nafasi tupu, namba ya simu ipigwe hapo kwa muhuri, kwani namba hubadilika kabla bunda la karatasi halijaisha.