Ujuzi wa Mikono Umo Kichwani



Mara nyingi tunasikia kwamba mchuma chai ni mtu wa nguvu tu, hana ujuzi. Hebu tutazame kazi yenyewe. Vidole vinachagua majani mawili na chipukizi, vinachuma, vinarusha kikapuni mgongoni, na macho yamekwisha kwenda tawi jingine. Anayeongoza yote hayo ni ubongo.

Amri ya kuusogeza mkono hutoka sehemu ya juu ya ubongo, ikashuka kwa mishipa ya fahamu kupitia uti wa mgongo. Upande wa kushoto wa ubongo huuamuru mkono wa kulia, na wa kulia huuamuru wa kushoto. Mwaka 1937 Wilder Penfield, daktari wa Montreal, Kanada, alieleza alichokiona alipougusa kwa umeme mdogo ubongo wa wagonjwa walio macho. Sehemu inayotawala mkono na vidole ni kubwa kuliko ile ya kiwiliwili. Mgongo ndio unaobeba gunia, lakini vidole ndivyo vinavyotaka ubongo mwingi!

Kisogoni upo ubongo mdogo. Kazi yake ni kulinganisha mwendo uliokusudiwa na ule uliotendeka, kisha kurekebisha. Makosa ndiyo yanayoufundisha. Kwa hiyo mtu mpya huenda polepole akifikiri kila hatua, na baada ya kurudia sana mkono huenda wenyewe. (Pombe huuvuruga ubongo huu, mtazameni mlevi anavyopepesuka.)

Ujuzi huo hauwekwi pamoja na kumbukumbu nyingine. Henry Molaison wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953, akawa hawezi tena kukumbuka mambo mapya. Mtaalamu Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama kiooni. Siku kwa siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, naye hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Sasa mashine za kuchuma chai zimeingia hata mashamba ya Kericho, Kenya, na viwandani mitambo hubadilishwa kila mara. Swichi ikihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, mkono hukimbilia kule ulikozoea. Hapo ndipo vidole hukatika, na msimamizi huandika "uzembe". Uzembe gani? Ubongo ulikuwa haujapewa siku za kujifunza upya. Kamati za matawi zidai siku hizo ziandikwe katika mkataba kabla mashine mpya haijawashwa, kwa mshahara kamili, na bila mtu kudaiwa kiwango cha siku.