Haionekani, au Haionwi na Nani? Diski Kuu za Tarakilishi Kuukuu Chini ya Mfumo wa Linux

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayezuru Bumula kurekodi nyimbo za sioyaye au kumuse, ile hotuba ya hadhara inayotolewa Bukusuni baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika, aghalabu huishia kuhifadhi matini yake katika tarakilishi kuukuu. Mashine za aina hii zimezagaa katika shule na ofisi za Bungoma na Kitale. Nyingi zilitumika kwingine kabla ya kufika huku. Shirika la Computers for Schools Kenya, mathalani, limekuwa likikarabati tarakilishi zilizokwisha tumika na kuzigawia shule tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku mashine inapogoma kuwaka, fundi hutamka sentensi moja tu: "Diski haionekani." Mwenye kazi akiisikia hudhani kwamba sauti za wazee wake zimepotea. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sentensi hiyo haijasema hilo.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo taaluma yetu. Kitenzi "onekana" kimo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo humficha mtenda. Tukikirejesha katika kauli ya kutendwa, swali huzuka papo hapo: diski haionwi na nani? Katika tarakilishi inayoendeshwa na Linux, waonaji ni watatu. Wa kwanza ni BIOS, programu ndogo iliyomo katika bodi kuu, ambayo huamka kabla ya chochote kingine. Wa pili ni kiini cha Linux. Wa tatu ni mfumo wa faili, unaozipanga data zilizomo katika diski. Kila mmoja ana namna yake ya kupofuka.

BIOS ndiye mwonaji dhaifu kuliko wote, na ndipo lawama nyingi za bure huangukia diski. Anza na saa. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka mingi kila mashine inapowashwa, betri ya bodi kuu, ile ya mviringo ya volti 3 iitwayo CR2032, imekwisha, na pamoja nayo kumbukumbu ya mipangilio ya diski. Betri ni rahisi mno ikilinganishwa na diski mpya. Kisha uzime mashine, uchomoe waya wa umeme na kutazama kebo. Diski za kale za aina ya IDE hutumia kebo bapa yenye matundu 40, na kebo moja hubeba diski mbili. Kijikofia kidogo cha plastiki nyuma ya kila diski huamua ipi ni kuu na ipi ni tegemezi. Zote mbili zikijitangaza kuwa kuu, huenda isionekane hata moja. (Mafahali wawili hawakai zizi moja, wahenga wangesema.) Vumbi la kiangazi na pini iliyopinda navyo vina hila zao.

Ukubwa wa diski pia humpofusha BIOS. Baadhi ya BIOS za miaka ya 1990 hukwama zikikutana na diski inayozidi gigabaiti 33.8, na nyingi zilizofuata hukomea gigabaiti 137, kwa kuwa anwani ya biti 28 haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Ikumbukwe kwamba Linux, ikishawaka, huisoma diski yenyewe bila kumtegemea BIOS. Kwa hiyo diski inayoonekana nusu katika skrini ya mwanzo yaweza kuonekana yote katika Linux, mradi sehemu yenye kiini iwe mwanzoni mwa diski.

Washa basi mashine kwa CD ya Linux, maana nyingi za rika hili hazijui kuwaka kutoka kwa kijiti cha USB. Debian 12 ingali inafaa kwa vichakato vingi vya biti 32. Debian 13, iliyotolewa mwaka 2025, haina tena programu ya kujisakinisha katika mashine hizo. Fungua dirisha la amri, andika <code>dmesg</code> na usome kwa subira: hapo kiini husimulia kila kifaa kilichokutana nacho. Amri ya <code>lsblk</code> huorodhesha diski zilizotambuliwa.

Jina nalo limewahi kuzua utata mkubwa. Zamani Linux iliita diski ya IDE <code>/dev/hda</code>. Kuanzia takriban mwaka 2007, matoleo mengi yalihamia viendeshi vipya vinavyoiita <code>/dev/sda</code>, na viendeshi vya kale viliondolewa kabisa katika kiini 5.14 mwaka 2021. Aliyesasisha mfumo huku faili ya <code>/etc/fstab</code> ikiendelea kutaja <code>hda</code> ataambiwa diski haipo, ilhali ipo na ina afya tele. Imebadilishwa jina tu, kama mwari aliyetoka jandoni. Amri ya <code>blkid</code> hutoa UUID, kitambulisho kisichobadilika kwa ajili ya badiliko hilo. Kiandike katika <code>fstab</code> badala ya jina.

Ikiwa diski imeorodheshwa ila faili hazifunguki, tatizo ni la mwonaji wa tatu. Hapa pupa ndiyo hasara. Usikubali kusakinisha upya, wala kuirekebisha diski ambayo <code>dmesg</code> inalalamika kuhusu makosa ya kusoma. Inakili kwanza yote kwa <code>ddrescue</code> hadi diski nyingine iliyo kubwa zaidi, kisha urekebishe nakala. Asili iache ilivyo.

Yapo maradhi yasiyo na dawa ya nyumbani. Diski inayogonga kwa mdundo, au isiyozunguka hata baada ya kubadilishiwa kebo na waya wa umeme, imeharibika kwa ndani. Ikiwa ndani yake mna rekodi ya kumuse isiyo na nakala, izime mara moja. Kila kuwasha kwa kujaribu bahati kwaweza kukwangua kile ambacho mtaalamu angekiokoa.