Sumu Iliyomo Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Vikundi vingi vimeanza kukusanya skrapu ili kupata pesa kidogo za mfuko wa kikundi. Shaba ina bei, hatukatai. Lakini tueleze yaliyoupata mji wa Guiyu, kusini mwa China, maana wao pia walianza hivyo hivyo.

Watu wa Guiyu walikuwa wakulima wa mpunga. Katika miaka ya 1990 malori yakawa yanawaletea kompyuta mbovu na printa zilizotupwa Marekani, Japani na Ulaya. Nyumba zikageuka karakana. Nyaya zilichomwa moto ili plastiki iishe na shaba ibaki. Bodi za ndani, zile bapa kama za redio, ziliwekwa juu ya jiko la makaa mpaka risasi ya kulehemia ikayeyuka, halafu vipande vikang'olewa kwa koleo. Nyingine zililowekwa kwenye asidi kando ya mto ili kutoa dhahabu kidogo, na asidi ikamwagwa hapo hapo. Mwishowe maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa lori kutoka umbali wa kilomita 30.

Hiyo risasi ndiyo balaa kubwa. Ikichomwa inakuwa moshi na vumbi. Baba anarudi nayo nyumbani kwenye nguo, inatua sakafuni, mtoto anatambaa hapo na kutia vidole mdomoni. Mwili wa mtoto huifyonza kuliko wa mtu mzima. Inaharibu ubongo, mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, na hakuna dawa ya kuurudisha ubongo ulivyokuwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima damu ya watoto 165 wa Guiyu walio chini ya miaka sita. Watoto 135 walikuwa wamepita kiwango kilichohesabiwa kuwa hatari wakati huo. Siku hizi wataalamu wanasema hakuna kiwango kilicho salama.

China ilipiga marufuku kuingiza taka hizo mwaka 2000, lakini ziliendelea kupenya. Ilifika 2015 ndipo karakana zikahamishwa kutoka majumbani na kuwekwa mahali pamoja.

Kwa hivyo kikundi kikipata nyaya, zimenyeni kwa kisu, msichome. Ni kazi ya polepole, ndiyo. Bodi ziacheni nzima, msizitie moto wala asidi. Na aliyezishika anawe, abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.