Redio iliyomo ndani ya ampli ya saloni



Katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, kuna jambo tunalolikuta tena na tena. Saloni ina ampli kubwa, ile watoto wanayoiita homu sinema, na bafle tano zimezunguka televisheni, kila moja na kitambaa chake cha kufuma. Tukiuliza, "Mama, hapa munasikiliza redio gani?" tunajibiwa, "Ile si redio, ni ya filamu na muziki." Kisha mama anatoa chini ya kitanda redio ndogo, na batri zake zimekwisha tangu juma lililopita.

Lakini ampli ile ni redio pia. Karibu zote za namna hiyo zina redio ya FM ndani yake, na nyingi zina AM vilevile. Imelipiwa pamoja na chombo, iko pale, na hakuna anayeifungua.

Tuliona hasara yake mwaka 2020. Mnakumbuka mwezi wa Aprili mwaka ule, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, na baadaye ikaja chanjo ya kolera, ile ya kunywa. Mwenzetu mmoja aliikosa mara ya kwanza yeye na watoto wake wanne. Matangazo yalikuwa yamepita redioni siku tatu mfululizo. Nyumba yake ndiyo yenye bafle kubwa kuliko zote katika barabara yao, na siku zile tatu ilikuwa ikipiga nyimbo kutoka kwenye simu ya kijana wake. Jirani asiye na chochote ila redio ya batri ndiye aliyepeleka watoto mapema. Mama yule alituambia, "Mtaa wote unasikia nyumba yangu, lakini mimi ndiye sikusikia kitu." Mungu alisaidia, hakuna aliyeugua. Tangu siku ile tumejifunza chombo hiki, tukiulizana na mafundi na kujaribu wenyewe.

Kosa la kwanza ni waya. Ampli inapotoka kwenye katoni inakuja na waya mwembamba wa antena, na waya ule hutupwa pamoja na katoni kwa sababu unafanana na uzi wa kufungia. Bila waya, FM itatoa kelele tu, na watu wanasema redio imekufa. Geuza ampli, tazama nyuma: kuna tundu dogo la duara limeandikwa FM. Nunua waya wa shaba wa kawaida, kata sentimeta 75, menya ncha moja, ingiza shaba katika tundu la katikati bila kugusa chuma cha pembeni. Upande mwingine uunyooshe wima juu ya ukuta, karibu na dirisha. Kwa nini 75? Wimbi la FM lina urefu wa karibu meta 3, na waya wa robo yake hulipokea vizuri. Ukiacha waya umejikunja nyuma ya kabati, umeharibu kazi yako.

Hapa kwetu mahali pa kuweka waya pana maana sana. FM inakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama mbele, kivuli kinabaki nyuma yake. Milima ya Mitumba iko mgongoni mwetu, na ziwa liko mbele, wazi kabisa. Ndiyo maana redio za Bujumbura, ng'ambo ya maji, zinaingia Uvira kwa nguvu, wakati redio iliyo Bukavu bila mtambo wa kuirusha huku inafia milimani. Jaribu waya upande wa ziwa, kisha upande wa mlima, dirisha kwa dirisha. Katika nyumba moja ya Kasenga tulihamisha waya hatua mbili tu, na sauti iliyokuwa inakoroma ikawa safi.

Sauti ikiendelea kuchacharika, tafuta kwenye telekomande kitufe cha kutoka stereo kwenda mono. Muziki utapungua utamu kidogo, lakini maneno yatasikika, na sisi tunatafuta maneno. Zima pia taa za LED na ondoa chaja za simu zilizo karibu. Vyombo hivyo hutoa kelele inayoingia kwenye redio, na kifaa cha kugeuza umeme wa sola kinaweza kuwa kibaya zaidi.

Ukipata stesheni, ihifadhi kwenye kumbukumbu. Kitufe kimeandikwa MEMORY, au MEM. Unakibonyeza, unachagua namba, unakibonyeza tena. Sisi tunaweka redio ya hapa mjini namba 1, iwe Le Messager du Peuple au Mitumba, na Radio Okapi namba 2, kwa hiyo hata mtoto wa miaka sita anaweza kumfungulia nyanya yake habari. Baadhi ya ampli husahau yote umeme ukikatika siku nyingi, na umeme wetu tunaujua. Andikeni namba za stesheni kwenye karatasi, mubandike nyuma ya chombo.

Kuna neno kwa wale wenye ndugu Marekani. Ampli zinazoletwa kutoka kule nyingi ni za volti 120, na umeme wetu ni wa volti 220. Mwenzetu mmoja alichomeka ya shemeji yake siku ileile ilipofika, akaona moshi kabla ya kusikia sauti. Someni nyuma ya chombo kwanza, na kama ni 120 peke yake, tafuteni transfo. Tena, redio za kule huruka hatua mbili mbili: 96.1, 96.3, 96.5. Stesheni ikiwa 96.4, chombo kinapita juu yake kama haipo. Baadhi zina mahali pa kubadilisha hatua hiyo, fundi anayesoma kitabu chake atapaona. Asiyekisoma atakuambia ununue nyingine. Tumeambiwa hivyo mara mbili, na mara mbili haikuwa lazima.

Wengine wanauliza kwa nini tusumbuke na waya, wakati simu inaweza kuleta redio kwa Bluetooth. Inaweza, ila inakula mega, na simu ikitoka na baba asubuhi, redio nayo imetoka. FM haidai kitu.

Sasa tuseme lile gumu, telekomande. Jioni ni ya mpira, Jumamosi ni ya vijana. Hatutaki vita katika nyumba. Tulichofanya katika kikundi chetu cha Mulongwe ni kuomba saa moja tu, mara moja kwa juma, saa kumi alasiri, katika nyumba ya mwanachama mmoja kwa zamu. Wanakuja wamama kumi na tano, pengine ishirini, na hapo ndipo zile bafle kubwa zinaonyesha faida: hata aliyekaa mlangoni akichambua sombe anasikia. Mmoja anaandika maswali, na tukiwa na yuniti tunapiga simu redioni. Baba mwenye nyumba wa kwanza alinung'unika. Juma la tatu alikuwa amekaa nasi, akijifanya anatengeneza kiti.

Wazo la wanawake kusikiliza na kusema redioni si geni Kivu ya Kusini. Chouchou Namegabe alianzia Radio Maendeleo ya Bukavu, na mwaka 2003 akaanzisha AFEM pamoja na wanahabari wenzake, ili mambo yanayowapata wanawake yasemwe na wanawake wenyewe. Radio Okapi ilikuwa imeanza mwaka mmoja mbele, Februari 2002, nayo hutangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Sauti ziko hewani.

Tafadhali, msitupe redio ndogo za batri. Ampli inakula umeme mwingi, na usiku wa mvua kubwa, saa tunayohitaji habari kuliko zote, pengine umeme hautakuwepo. Radi ikianza, chomoeni ampli ukutani na waya wa antena pia. Maji yakikaribia mlango, chomoeni kabla hayajaingia, mikono ikiwa mikavu.

Jumatano ijayo tutakuwa Kalundu, saa kumi. Asiye na waya aje, tumenunua roli nzima, tutamkatia kipande chake.