Bibi Afriti: Hadithi ya Taa Iliyogeuzwa Senema

Msomaji wa Suam, chini ya Mlima Elgon, huenda akauliza senema ya Misri yamhusu nini yeye mwenye shamba la mahindi. Yamhusu, kwa kuwa asili yake ni hadithi ya kusimuliwa, na hadithi za namna hiyo zimo tele katika nyumba za Wasabaot na Wabukusu.

Senema hiyo huitwa "Afrita Hanem", maana yake Bibi Afriti. Ilitolewa mwaka 1949, na mwongozaji wake alikuwa Henry Barakat. Farid al-Atrash, mzaliwa wa Syria aliyepata sifa nchini Misri kwa kuimba, kupiga udi na kutunga nyimbo, ndiye Asfour, mwimbaji maskini. Asfour anampenda Aliya, binti wa mwenye jumba la michezo anamofanya kazi. Lakini baba ataka fedha nyingi, na binti mwenyewe apenda mali kuliko mtu. Katika dhiki hiyo Asfour anapata taa ya kale, na humo anatoka Kahramana, jini wa kike, ambaye ni Samia Gamal, mcheza ngoma mashuhuri. Jini aweza kumpa utajiri wa kumwoa Aliya. Taabu ni kwamba jini naye amempenda Asfour! Hapo ndipo watazamaji hucheka, hasa akiwapo mchekeshaji Ismail Yassin.

Wengi wataitambua taa hiyo kuwa ni ya Aladini wa Alfu Lela Ulela. Lakini hadithi ya Aladini haimo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya kitabu hicho. Mwaka 1709, mjini Paris, kijana wa Aleppo aitwaye Hanna Diyab alimsimulia Mfaransa Antoine Galland, aliyekuwa akikifasiri kitabu hicho. Galland aliichapa mwaka 1712, wala hakulitaja humo jina la msimulizi. Lilijulikana baadaye, kwa sababu Galland aliliandika katika daftari lake la kila siku.

Wamisri nao hawakuirudia hadithi vile vile. Jini wa Aladini ni mtumishi tu. Wao walimpa moyo wa kupenda, na mambo yote wakayatia katika mji wa zama zao. Watu wa Pwani walifanya kama hivyo kwa muziki. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Baadaye Siti binti Saad aliimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay.

Basi na sisi tunayo mali ya kutumia. Wabukusu husimulia habari za Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu, kisha akatahiriwa kwa ushujaa wake. Atakaye kuifanya mchezo au senema hana budi kuwa na maneno ya wazee kwanza. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, namna yake ya kusimulia huzikwa pamoja naye.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Karani aliyepata likizo, au mkulima aliyekwisha kuvuna, aweza kuketi na bibi yake jioni akiwa na daftari na kalamu. Na aandike kwanza kwa lugha ile ile ya msimulizi, nyimbo zilizomo zisiachwe, ndipo afasiri kwa Kiswahili. Kisha asifanye kama Galland: juu ya ukurasa wa kwanza aandike jina la aliyesimulia, kijiji chake na mwaka.