Kuandika muziki wa udi na gitaa kwa kompyuta kabla wazee hawajatuacha

Muziki wa nyuzi hapa kwetu Pwani umeishi kwa sikio na jicho. Mwanafunzi alikaa mbele ya fundi, akatazama vidole, akaenda nyumbani kujaribu, akarudi kesho yake kusahihishwa. Ndivyo udi ulivyopita mkono hadi mkono Lamu, Mombasa na Unguja, na ndivyo gitaa lilivyoenea. Utaratibu huo una uzuri wake, ila una sharti mbili: fundi awe hai, na mwanafunzi awe na wakati wa kukaa. Zote mbili zinazidi kuwa adimu. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu ambaye udi wake Mombasa nzima iliujua, alifariki 2016. Kanda zake tunazo, shukrani kwa waliorekodi. Lakini kanda haikuonyeshi kidole kilikaa uzi gani.

Niweke wazi mapema kwamba mimi si mwanamuziki. Nina stashahada ya mambo ya kompyuta, na riziki yangu ni kutengeneza mashine za watu. Wala sikusudii hapa kuingia katika mjadala wa muziki na dini, ambao wasomaji wa safu hii wanaujua vizuri na kila mmoja ana shekhe wake. Ninachoeleza ni chombo. Kipo, kinapatikana bure, na vikundi vyetu vingi vya taarabu havijakigusa.

Chombo chenyewe ni programu za kuandika tablacha. Tablacha ni namna ya kuandika muziki wa ala za nyuzi. Haikuulizi noti hii inaitwaje, inakwambia mkono uuweke wapi. Vijana wa gitaa hufupisha wakaiita tabu, jina lisilo la haki kwa kitu kilichokuja kuondoa tabu.

Chukua gitaa la kawaida la nyuzi sita. Tablacha yake ni mistari sita ya kulala, kila mstari ni uzi. Mstari wa juu ni uzi mwembamba kabisa, wa chini ni ule mnene wa besi. Wengi hudhani ni kinyume, kwa sababu ukilishika gitaa uzi mnene ndio ulio juu, karibu na uso wako. Juu ya mstari huandikwa nambari. Sifuri maana yake piga uzi mtupu, usibonyeze. Moja ni freti ya kwanza, yaani kile kichuma cha kwanza kwenye shingo, tatu ni ya tatu, na kuendelea. Nambari zilizopangana wima hupigwa pamoja, zilizofuatana hupigwa moja baada ya nyingine. Kwa kusoma tu, kwa kiasi kikubwa umeshamaliza.

Faida yake utaiona kwa mfano mmoja. Ile Do ya kati ya piano, kwenye gitaa utaipata uzi wa pili freti ya kwanza. Utaipata pia uzi wa tatu freti ya tano, na tena uzi wa nne freti ya kumi. Sauti ni ile ile kwa kimo, ila rangi yake si moja, na mkono unaoanzia freti ya kumi hauwezi kufanya mambo yale yale na mkono ulio freti ya kwanza. Noti za kizungu za mistari mitano zitakwambia "Do" zikanyamaza. Tablacha itakwambia ni Do ipi kati ya hizo tatu, na mtindo wa fundi umo humo hasa. Wawili wanaweza kupiga wimbo mmoja bila kukosea noti, na bado mwenye sikio akajua huyu si yule.

Wala si jambo geni. Mwaka 1507 huko Venice, mchapaji Petrucci alitoa kitabu cha tablacha ya lute, na lute yenyewe ni mtoto wa udi, hata jina limetokana na al-ud. Kabla ya hapo, katika karne ya 13, Safi al-Din al-Urmawi wa Baghdad alikuwa akiandika sauti kwa herufi za abjadi na urefu wake kwa nambari katika Kitab al-Adwar. Kwa hiyo anayeniambia kuandika udi ni mambo ya kizungu humjibu kwamba tulianza sisi, kisha tukalala.

Sasa programu. Ya bure ninayoipendekeza kwanza ni MuseScore, kwa sababu inaandika noti za mistari mitano na tablacha kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, wa pili hubadilika wenyewe. Ya pili ni TuxGuitar, nayo bure, nyepesi zaidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga gitaa. Ya kulipia iliyo maarufu ni Guitar Pro, ya kampuni ya Ufaransa, iliyoanza 1997. Nyimbo nyingi mtandaoni zimehifadhiwa kwa mafaili yake, na TuxGuitar huyafungua yale ya matoleo ya zamani bila malipo. Kompyuta yako ikiwa kuukuu, weka MuseScore toleo la 3 badala ya la 4, kwa kuwa la 4 linataka mashine yenye nguvu. Simu inatosha kwa kusoma na kusikiliza, lakini kuandika kunataka kompyuta. Nimeona watu wakilazimisha simu, wakachoka siku ya pili.

Kazi huanza kabla ya noti ya kwanza. Unaiambia programu ni ala gani, ina nyuzi ngapi, kila uzi umetiwa sauti gani. Kwa gitaa la kawaida yote hayo yameshawekwa. Halafu unachagua mapigo. Chakacha usiiandike kwa mapigo manne ya dansi, iandike kwa sita kwa nane, la sivyo kila kitu kitakaa upande na utaishia kuilaumu programu. Kisha unaingiza nambari moja moja, unachagua urefu wa kila moja, unabonyeza kitufe, na kompyuta inakupigia ulichoandika. Hapo ndipo programu inapoishinda karatasi. Tablacha ya kuandika kwa mkono, au ile ya herufi na vistari ambayo watu hutumiana kwenye ujumbe, haionyeshi vizuri kila sauti idumu kwa muda gani, na ni lazima uwe unaujua wimbo tayari. Programu hailikwepi swali hilo. Ukikosea urefu, sikio litakushtaki papo hapo. Ukitaka kujifunza kipande kigumu, unakipunguza mwendo hadi nusu bila sauti kushuka, ukirudia mahali pamoja hadi mkono uzoee.

Tuje kwenye udi, ambako mambo huwa magumu kidogo. Udi ulio wa kawaida kwetu una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake. Utiaji sauti mmoja unaotumika sana, kutoka chini kwenda juu, ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Kwenye programu unaandika mistari sita tu, kwani jozi hupigwa kama uzi mmoja. Mpaka hapo hakuna shida. Shida ni kwamba udi hauna freti. Basi nambari itahesabu nini?

Itahesabu nusu sauti, kana kwamba freti zipo. Uzi wa juu wa Do ukiwa mtupu ni sifuri, Re ni 2, Fa ni 5. Mpiga udi akiona 5 kwenye uzi huo, kidole chake kinajua pa kwenda bila kichuma. Lakini maqam ya Rast inataka Mi ambayo si Mi kamili wala si Mi ya kushuka. Imekaa kati, baina ya 3 na 4. Nambari hiyo haipo. Katika MuseScore unaandika 3, kisha kwenye noti za mistari mitano unaweka alama ya robo sauti, na kwenye sifa za noti ile unaipandisha senti 50. Nusu sauti nzima ina senti 100, kwa hiyo 50 ni katikati kabisa. Kompyuta itaipiga hivyo.

Na hapo mpiga udi wa Lamu atakunja uso, maana Mi yake yeye haikai katikati kabisa. Huishusha au kuipandisha kidogo kufuatana na anakoelekea. Unaweza kuandika senti 40 au 45 badala ya 50, programu haikatai. Maoni yangu ni kwamba usihangaike. Andika 50, weka maelezo mafupi juu ya ukurasa kwamba Mi hii yafuata sikio la mpigaji, na ambatisha rekodi ya fundi mwenyewe. Taqsimu nayo, ile anayoibuni mpigaji papo kwa papo kabla ya wimbo, mimi nisingeiandika kabisa ila kwa mwanafunzi anayetaka kuichunguza. Kinachofaa kuandikwa ni kile kinachorudiwa, kama bashraf, dulab, na vijibu baina ya beti na beti. Hivyo ndivyo hupotea mzee akiondoka, na hivyo ndivyo kikundi hugombania mazoezini, kila mmoja akidai anavikumbuka yeye.

Kwa gitaa tuna ushahidi wa kazi hii inavyofaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, akipiga "Masanga". Santuri ilienea hadi huku kwetu, na vijana wengi walijaribu kuiga mkono ule. Miaka kama kumi baadaye mtafiti David Rycroft alikaa akaandika upigaji wa Bosco noti kwa noti, na kazi yake ikachapishwa katika jarida la African Music. Bosco ameshafariki, lakini anayetaka kujua vidole vile vilifanya nini ana pa kuanzia. Fundi Konde wetu, aliyefariki 2000, naye alikuwa mkono wa kutajwa katika gitaa la Kenya. Nyimbo zake zinapigwa harusini hadi leo, kila bendi kwa makosa yake.

Kusambaza ni rahisi kuliko kuandika. Toa nakala ya PDF kwa wasomaji, na utunze faili la asili kwa wenye kutaka kusahihisha. Ukimtumia mtu mwenye programu tofauti, toa faili la MusicXML, ambalo karibu programu zote za muziki hulisoma. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, usipige picha ya skrini, kwani picha hubanwa na nambari 3 ikafanana na 8. Faili zima la wimbo ni kilobaiti chache, halili bando hata kidogo ukilinganisha na video.

Ila kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, jaza jina la mtunzi, jina la aliyetunga shairi, jina la fundi uliyemsikiliza, na lako wewe mwandishi mwisho. Taarabu ina desturi ya mshairi mmoja, mtia sauti mwingine, na mwimbaji wa tatu. Faili lisilo na majina likishaingia mtandaoni, baada ya mwaka utasikia ni wimbo wa mtu usiyemjua. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wajukuu wana haki. Kazi inaweza kusajiliwa kwa KECOBO, na ukurasa ulioandikwa wenye tarehe husaidia kuonyesha wimbo ulikuwaje. Kuhusu nyimbo za jadi zisizo na mtunzi mmoja, tuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, ambayo inazitambua kuwa mali ya jamii. Kuandika wimbo wa unyago au wa vugo hakukupi umiliki wake.

Tangu mwaka jana tunaandika vipande vya mzee mmoja wa Mji wa Kale, mimi na mjukuu wake. Kijana hupiga, babu husahihisha, mimi huingiza nambari. Mkono wa mzee siku hizi watetemeka, hawezi tena kumaliza bashraf nzima, lakini sikio lake lingali zima. Tukimchezea sauti ya kompyuta hucheka, husema inapiga kama mtu aliyelipwa kwa saa. Halafu ananyamaza, anainua kidole: "Hapo, uzi wa tatu, si wa pili." Kijana hubadilisha, tunasikiliza tena. Tumemaliza vipande vinne. Vilivyobaki, kwa hesabu yake mwenyewe, ni kumi na moja, na viwili kati ya hivyo anasema hakuna mwingine aliye hai anayevipiga. Hivyo viwili ndivyo tunavyoanza navyo Jumamosi, baada ya alasiri.